Perege Tuliowachagua Mwera

Miaka ya hamsini, nilipokuwa fundi vioo pale Ngamiani, nilimleta bibi yangu kutoka Mwera aje akae nami. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na babu naye alikuwa keshatangulia, kwa hiyo sikuona sababu ya yeye kubaki peke yake. Yeye aliiona. Mji haukumpendeza hata chembe. Wiki ya pili tu akatangaza kwamba Idi ikipita, kaka yake atakuja kumchukua arudi zake.

Mimi ni mtu wa kununa. Nilinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamuuliza anakosa nini kwangu, akajibu, "Mto, mume wangu." Bibi wa kwetu humwita mjukuu wa kiume mume wake, nawe huna pa kukimbilia. Basi nikasema mto nitauleta.

Nilikuwa na vioo vizito vya kabati la duka moja lililobomolewa. Nikaviunga kwa fremu ya chuma, nikaziba viungo kwa puti, nikapata tangi refu kama kitanda. Nililiweka sebuleni, nikalijaza maji ya mvua, kisha tukapanda lori mimi na bibi kwenda Mwera, mtoni, kuchagua samaki.

Wavuvi walitumwagia perege hai kwenye karai. Mimi nilitaka majike wengi na dume mmoja, maana nilishaona madume wakigombana kwenye maji ya kina kifupi. Bibi hakutaka hata kusikia. Alipenda madume, weusi, wenye pindo jekundu mapezini.

"Majike wamepauka kama jivu. Nikae nitazame nini?"

Akachukua madume watatu, na jike mmoja kwa kumwonea huruma. Akaongeza vile visamaki vidogo vyenye madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini, ambavyo maisha yake yote alivirudisha majini bila kuvipa jina. Tulirudi na debe lililofunikwa jani la mgomba, na bado tuliwalowesha abiria wote.

Wiki haikuisha, madume wakararuana mapezi. Wawili wanyonge tuliwapika kwa nazi. Bibi aliwasifu sana kwa utamu, ila kukosea hakukiri.

Ramadhani ikaandama. Siku chache baadaye jike akaacha kula. Nikitupa makombo ya mkate, wenzake wanagombania, yeye kajibanza pembeni.

"Mwache," bibi akasema, "kafunga."

Tulicheka kila alasiri kwa swaumu ya samaki yule, ambaye hata magharibi hafuturu. Lakini kidevu chake kikavimba siku hadi siku, na zikiwa zimebaki siku mbili Idi iingie, bibi akaona kimkia kidogo kinachungulia kinywani mwake. Akaruka.

"Anakula wanawe! Mtoe humu!"

Akanieleza kwamba nyumbani kwao kila mwanamke aliyepara perege alikuta vitoto kinywani, na ndiyo maana mjamzito hakupewa samaki yule.

Nikachukua chujio. Kabla sijalitia majini, jike akafungua kinywa, vitoto vikamwagika, vingi, vidogo kama punje za mtama. Nilipolishusha, vyote vikakimbia, vikamrudia kinywani, naye akavipokea. Nikalitoa, vikatoka. Bibi akaniamuru nirudie. Nikarudia, na tena.

Akakaa chini sakafuni. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, kisha akafuta macho, na sidhani yote yalikuwa machozi ya kicheko.

"Yarabi, kumbe anawaficha! Njaa yote ile kwa ajili yao! Tumemsingizia mzazi mwenzetu miaka yote hii."

Idi pili kaka yake akaja kumchukua. "Shikamoo dada," akasema, na kabla hajajibiwa vizuri akashikwa mkono, akaketishwa mbele ya kioo, akasimuliwa yote. Mimi nilisimama mlangoni, roho mkononi. Mzee alitazama kwa adabu, akanywa chai, mwishowe akauliza kama dada yake yu tayari, kwa kuwa lori halitawangoja.

"Nitaondokaje?" bibi akasema, ameshangaa kweli. "Huoni nina watoto hapa?"

Akaonyesha tangi. Kisha akageuka, akaniona mlangoni.

"Na huyo."

Nilitajwa wa mwisho, baada ya perege, na nilifurahi hata nikasahau kununa.