Mama Mkwe Ametangaza Mimba, Kumbe Ni Tumbo Linajaa Gesi

Habari admin na wana ukurasa wote. Jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka 31, ni fundi cherehani hapa Sakina, Arusha. Nimeolewa na Mmeru, bado hatujajaliwa mtoto.

Shida yangu ni tumbo. Asubuhi naamka liko kawaida, nikila tu linaanza kuvimba, ikifika jioni limekuwa gumu kama ngoma na sketi haifungi. Wateja wananiuliza, "Fundi, unajifungua lini?" Nacheka, moyoni naungua. Nimekunywa dawa za minyoo, nimekunywa mizizi, wapi! Mwishowe nilipimwa hospitali. Dokta akasema sina uvimbe wala mimba, utumbo wangu ndio una tatizo la muda mrefu. Niache maziwa, maharage, kabichi na soda, nile kidogo kidogo. Nikifuata napata nafuu, lakini gesi haijaisha kabisa.

Sasa mwezi uliopita tulipanda kwao mlimani. Mama mkwe ni mjane, mume wangu ndiye mtoto wake pekee. Nilipoinama kumwambia shikamoo, akanishika tumbo, hata marahaba hakuitikia, akapiga vigelegele mpaka jirani akatoka migombani.

Nikamwambia, "Mama, hii ni gesi, naumwa tumbo."

Akacheka. "Hata mimi mimba yangu niliificha hivyohivyo. Kaa, mwanangu, ule."

Nikamgeukia mume wangu anisaidie. Akainamia simu yake. Mama akaleta loshoro, yale makande yaliyochanganywa na maziwa mgando, sahani imejaa. Nikisema sili, nimemdharau. Nikala. Njiani kurudi nilikuwa nalia kwa maumivu, tumbo limetuna utadhani naenda leba.

Nilipomuuliza mume wangu kwa nini alinyamaza, akasema, "Tangu baba afariki sijamwona mama akifurahi vile. Muache kwanza."

Nikamuacha, nikijua atamwambia taratibu. Kumbe wiki iliyopita mama amesimama kanisani kutoa shukrani ya mjukuu! Akina mama wa jumuiya wameandaa vitenge na beseni la kuogeshea mtoto, Jumapili hii wananisubiri. Nilipopata habari nikamwambia mume wangu apige simu mbele yangu. Akakataa. Unajua alichonijibu?

"Nenda upokee tu. Baadaye tutasema imeharibika."

Jamani! Nimetamani mtoto miaka yote hii, leo niambiwe nimzike ambaye hakuwahi kuwepo? Nipewe pole na kanisa zima kwa uongo? Na siku Mungu akinipa mimba ya kweli, nani ataniamini? Nikamwambia siendi. Akasema nikimwaibisha mama yake mbele ya kanisa, nisirudi kwake. Tangu hapo hatuongei, na kwa mawazo haya hata uji tu ukishuka tumbo linajaa.

Mama mkwe hana kosa. Leo mchana kanipigia, anauliza kitenge changu kiwe cha njano au cha bluu. Nikashindwa kusema, nikajibu bluu.

Msinitajie dawa za gesi, dokta ninaye. Ninachotaka kujua ni hiki: nipande mlimani peke yangu kabla ya Jumapili nimweleze mama ukweli, hata kama ndoa itavunjika? Au ninyamaze? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?