Dada Yangu Anataka Tuende Wote Yerusalemu, Wenzangu wa Kanisani Hawamtaki

Admin, kama umenizidi umri shikamoo, na kama ni mdogo kwangu pokea salamu za mama yako. Nifichie jina. Morogoro ni mji mdogo, na kanisani kwetu wengi wanausoma ukurasa huu.

Nina miaka sitini na moja, ni mwalimu mstaafu, mjane, naishi Mafiga. Wanangu wawili wako mbali na familia zao. Nimezaliwa huko juu milimani, kwenye nyumba ya Kiislamu. Nilipokuwa binti nilimpenda mwalimu mwenzangu Mkristo, nikabatizwa, tukafunga ndoa. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti, naye alisema mbele ya ukoo, "Huyu tusimtaje tena." Na kweli hawakunitaja. Mama alikuwa ananitumia ndizi kwa siri kupitia akina mama wanaoshuka sokoni, lakini mlangoni kwangu hakuwahi kufika. Alipofariki nilisikia kwa watu. Nikapanda mlima, nikakuta wameshazika.

Ndoa yangu siijutii, mume wangu alinipenda mpaka mwisho. Alipoondoka, kanisa likawa ndugu zangu. Ndiyo maana tulipoamua kuandaa hija ya kwenda Nchi Takatifu, niliipokea kazi ya uratibu kwa moyo mmoja. Safari imeshaahirishwa mara moja kwa sababu ya vita, nikaanza upya. Mimi ndiye ninayeongea na muongoza wageni wa kule, mimi ndiye ninayewapeleka wazee kufuatilia pasipoti. Kila Jumatano baada ya ibada ninawaeleza tutakapopita: Bethlehemu, Ziwa la Galilaya, magofu ya sinagogi la Kapernaumu, ule Ukuta wa Magharibi ambapo Wayahudi wanasali, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Watu wanauliza maswali, wanacheka, halafu wanaondoka pamoja wakipiga soga. Mimi nabaki nafunga madirisha.

Siku ya kupanga vyumba, kila mmoja aliambiwa ataje mtu wa kulala naye. Nilisimama pale mbele nikisubiri. Hakuna aliyenitaja. Mwenyekiti wa kamati yetu ya hija akasema, "Mwalimu, wewe tutakupa chumba cha peke yako. Si umeshazoea?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikupika.

Wiki hiyohiyo, asubuhi nafagia uwanja, nikasikia hodi. Kuangalia, ni dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, amebeba furushi kichwani. Nilishindwa hata kumpokea mzigo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," akasema, akaniita kwa jina nililopewa na mama. Ndani ya nyumba hii jina hilo halijawahi kutamkwa.

Akakaa, akanywa maji, akaniambia mjomba amefariki. "Nimeona nishuke mwenyewe nikwambie. Na nina jingine. Nimesikia unapeleka watu Baitul Maqdis."

"Ndiyo dada. Sisi tunasema Yerusalemu."

"Si ndiyo hukohuko? Makka sikujaaliwa, na magoti yangu ndiyo haya unayaona. Nataka nikaswali Msikiti wa Aqsa. Wanangu wamekubali kunigharamia, lakini peke yangu siwezi, na sina wa kwenda naye ila wewe."

Nikamwambia, "Dada, sisi tunazunguka makanisani."

"Zungukeni. Wewe utaenda kwako, mimi nitaenda kwangu, jioni tukutane chumbani unisimulie."

Jamani, nililia. Akanifuta machozi kwa mtandio wake kama nilipokuwa mtoto.

Nikampigia muongoza wageni, akasema hakuna tatizo lolote, atampata mtu wa kumpeleka dada msikitini wakati sisi tuko kwenye ibada zetu. Nikaipeleka habari kwenye kamati nikiwa na furaha. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, hii ni hija ya Wakristo. Watu wameiombea."

Mama mmoja ninayemheshimu sana akaongeza, "Kesho atataka basi lisimame aswali. Na wewe mwenyewe, tusije tukakurudisha ulikotoka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hii wamekuwa wananiangalia hivyo. Nimeimba nao, nimezika nao, nimefundisha watoto wao. Kumbe kwao bado mimi ni wa kuja. Mwenyekiti akamaliza: kama nashikilia dada aende, watatafuta mratibu mwingine na jina langu litoke pamoja na lake. Nikaaga, nikaondoka.

Nilimpigia mwanangu wa kwanza. Akanijibu, "Mama, nenda na kanisa lako. Hao walikutupa, leo ndiyo wanakukumbuka?" Na hajasema uongo.

Dada hajui chochote. Ananipigia kila baada ya siku mbili. Jana aliniuliza kama kule kuna baridi, achukue sweta. Nikamwambia taratibu zinaendelea. Ameanza kuwaaga watu kijijini, anawaambia anasafiri na mdogo wake. Ananitaja kwa jina, mbele ya watu, na hakuna anayemkataza.

Nikijitoa kwenye msafara na kutafuta njia ya kwenda naye sisi wawili, nitarudi Mafiga sina kanisa, na kwa umri huu sijui nitaanzia wapi kutafuta watu wengine wa kunizika. Nikienda na kanisa, itabidi nimwambie dada kwamba kwenye safari hii hayumo. Sidhani kama atashuka tena.

Jumapili kamati inataka jibu langu. Mnaosoma hapa, Wakristo na Waislamu, niambieni kama mnavyomwambia mama yenu: niende na nani?