Nilijifunza Poka Isiyochezwa na Mtu

Mkosaji ni mimi. Nalisema hilo mwanzo kabisa, ili nikianza kuwataja wenzangu msidhani najitoa. Jina langu nalificha. Yao nitayataja, maana wao hawakunihurumia hata kidogo!

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mwenye mwandiko mzuri asinicheke kwa maandishi. Atanicheka kwa mengine, ngoja tu.

Mimi ni mtu wa kupona. Utotoni nilipona ndui. Ukubwani nilipona lori lililopinduka na magunia ya viazi juu yangu. Watu wa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, wakasema, fundi huyu hafi! Kweli sikufa. Karata tano ndizo zilizonimaliza, tena nikiwa nacheka.

Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Mama Zubeda. Upande mmoja nilikaa mimi, upande wa pili Ramadhani, fundi kijana kuliko mimi. Katikati yetu mke wangu Salama alikuwa na jiko lake la mkaa, anauza chai na sambusa. Mteja anakuja kupimwa kanzu, anakunywa chai. Mwingine anakuja kunywa chai, anakumbuka suruali yake imechanika. Ndivyo tulivyokula.

Jioni kazi ikiisha tulicheza poka kwa vifungo, maana fundi hakosi vifungo. Tulijidanganya kwamba kifungo si pesa, basi hiyo si kamari. Shehe alipita akatutazama, akaenda zake.

Poka yetu ni ile ya kawaida. Unapewa karata tano, unatupa usizozitaka, unapewa nyingine. Mwenye zinazofanana, wafalme wawili au watatu kwa mfano, anamshinda mwenye karata zisizo na ndugu. Mtoto anaielewa.

Mimi sikuwa mbovu. Sikuwa hodari pia. Nilikuwa wa katikati, na wa katikati hakuna anayemsifu! Hilo ndilo lililonitafuna roho.

Sasa anakuja mkosaji wa kwanza: Dezire, dereva wa lori kutoka Bukavu. Alileta suruali nikamtilia zipu. Akanikuta nimenuna kwa kushindwa na Ramadhani.

"Fundi," akasema, "hii poka yenu kila mutu anaijuaka. Utafunga nani? Jifunze ile ya chini. Wenye kuijua hatuko wengi."

"Ya chini ndiyo nini?"

"Mwenye uchafu kuliko wote ndiye anashinda. Ukipata wafalme, unalia. Ukipata mbili, tatu, nne, tano na saba, unaita watu waje kuona."

Nikamwambia huo ni wazimu. Akacheka. "Kitu watu hawajui ndicho kina faida, ndugu yangu. Utakuwa peke yako."

Ee, Dezire! Hapo alisema kweli. Nilikuwa peke yangu.

Alinifundisha kila alipopita Kigali. Halafu akabadilishiwa njia, hakupita tena. Mimi nikaendelea. Nilimwomba Salama acheze nami.

"Mchezo wa kufurahia uchafu?" akaniuliza. "Uchafu upo wa kutosha, njoo uoshe masufuria."

Basi nikacheza na nafsi yangu. Nagawa mikono miwili, karata tano tano, kwenye meza ya kukatia nguo, huku mimi, kule mimi. Nilimfunga sana yule wa kule! Mwaka mzima nilijizoeza. Nikiona karata mbili zinazofanana, vidole vinazitupa kabla sijafikiri. Nikiona mfalme, moyo unashuka. Nikiona mbili na tatu, natabasamu kama bwana harusi. Nikawa bingwa wa Biryogo nzima katika mchezo ambao Biryogo nzima aliucheza mtu mmoja.

Na kiburi kikaja, nawaambia ukweli. Wenzangu wakicheza ile ya kawaida, mimi nasimama pembeni nasonya. "Hiyo ni ya watoto," nawaambia. Sikuicheza tena. Kwa nini nijishushe?

Mfungo ulikuwa unakaribia, na baada ya mfungo ni Idi, wakati ambao fundi anakula kwa mikono miwili. Mama Zubeda akanunua frigo kubwa la kupozea soda. Akatuita.

"Frigo litakaa hapo," akasema, "na meza ya kreti hapo. Iko nafasi ya fundi mmoja tu, na Salama kama ni mke wa huyo fundi. Kubalianeni wenyewe. Mimi sitaki kelele."

Hapa naomba msome polepole, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipo.

Ramadhani aliniangalia akasema, "Kaka, wewe ndiye mkubwa, na wewe ulinitangulia hapa. Baki. Mimi nitatafuta nafasi Nyamirambo."

Mmesikia? Nilipewa bure! Nafasi yangu, jiko la mke wangu, Idi yangu, vyote nilikuwa navyo mkononi. Mtu mwenye akili angesema, Mungu akubariki mdogo wangu.

Mimi nikasema: "Sitaki kuhurumiwa. Tucheze. Atakayemaliza vifungo vya mwenzake abaki."

Nilitaka nishinde, jamani. Nilitaka waone. Mwaka mzima wa kujifunza, na hakuna aliyeona!

Hamisi wa bucha alikuwa amesimama hapo na aproni yake ya damu. Huyo ndiye mkosaji wa pili. Akapiga makofi. "Neno zuri! Leo tutaona wanaume!"

"Lakini tucheze ya chini," nikasema.

"Ya chini ya wapi?" akauliza Hamisi. "Sisi mashahidi tutajuaje nani ameshinda? Mutacheza ya kwetu. Ao unaogopa, bingwa?"

Niogope! Nikajiambia, aliyepanda mlima atashindwa na tuta? Anayejua kigumu hawezi kushindwa na chepesi. Nikakaa.

Kila mtu bakuli lake la vifungo. Salama alikuwa ameenda sokoni kununua unga. Hakujua kitu.

Mwanzo nilikuwa naenda vizuri, kwa sababu nilikuwa naenda taratibu. Kila karata najikumbusha: kubwa ni nzuri, kubwa ni nzuri. Watu wakaanza kujaa. Hamisi akaanza maneno. "Mbona bingwa anahesabu kwa midomo kama mtoto wa chuoni?" Watu wakacheka. Nikachemka, nikaacha kujikumbusha.

Ramadhani akagawa. Nikafungua zangu. Wafalme watatu, mbili na tatu.

Mnajua nilihisi nini? Huzuni! Wallahi huzuni! Nikasema moyoni, Mungu wangu, wafalme watatu, balaa gani hili leo? Nikawachukua wote watatu, nikawatupa. Nikabaki na mbili yangu na tatu yangu, nikaomba karata tatu.

Ramadhani akanipa. Nne. Tano. Saba.

Ndugu msomaji, mwaka mzima nilikuwa naungoja mkono huo! Hata nilipojigawia mwenyewe haukuwahi kuja. Mbili, tatu, nne, tano, saba! Machozi yalinilenga. Nikasukuma vifungo vyote katikati. Ramadhani akafikiri sana, akasukuma vyake. Nikasimama, nikazipiga mezani kwa kishindo.

"Iteni watu!" nikapiga kelele. "Iteni Mama Zubeda! Iteni kila mtu!"

Watu wakanyoosha shingo kuangalia meza.

Ramadhani akaweka zake taratibu. Nane na nane, na takataka.

Mimi bado nimesimama, mikono juu, nangoja kupongezwa. Hamisi akainama juu ya meza, akaangalia karata zangu, akaniangalia mimi.

"Fundi," akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko dharau, "hapo kuna nini?"

Ndipo nilipokumbuka tunacheza ipi. Katika poka ya kawaida mkono ule ni wa mwisho kabisa, hakuna ulio chini yake. Ingekuja hata sita badala ya saba ningekuwa na mfuatano, karata tano zinazofuatana, ambao unazipiga hata nane zake, ningeshinda. Lakini hapana! Mimi nilipata ukamilifu!

Kisha Hamisi akageuza nilizozitupa. Mfalme. Mfalme. Mfalme. Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani. Wanasema hadithi hiyo ilifika Gisozi, upande wa pili wa mji, kabla ya jua kuzama.

Ramadhani hakucheka. Alisema, "Kaka, tufanye ulikuwa mchezo tu. Kaa."

"Neno ni neno!" akadakia Hamisi. Na mimi, mpumbavu wa wapumbavu, nikaitikia, "Neno ni neno. Chukua." Ningenyamaza tu! Lakini kiburi hakijui kunyamaza.

Namtaja Ramadhani pia kama mkosaji wa tatu, kwa sababu nilipomwambia chukua, alikubali. Angekataa mara ya pili! Hata mimi najua namwonea. Niacheni nimwonee kidogo.

Salama akarudi na unga kichwani. Akakuta cherehani yangu imetolewa nje barabarani, imefunikwa shuka. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliutua unga, akaniuliza, "Na jiko langu, uliliweka kwenye karata gani?"

Nikamwaga majivu ya jiko, nikaliweka kando ya cherehani.

Nilihamia Kabuga, pembeni mwa mji. Nashona chini ya turubai sokoni, magunia na sare za shule, vumbi linaingia mpaka kwenye mafuta ya mashine. Salama amebaki Biryogo, anauza chai mlangoni kwa dada yake, maana wateja wake wako huko. Nakwenda kwake Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Ananipa chai. Ananipa na bei. Nalipa kama mteja mwingine.

Wengine wananiuliza kwa utani: je, kujifunza poka isiyopendwa kuna faida? Nawajibu bila utani. Iko faida kwa mtu kama Dezire, aliyeijua kwanza ile ya watu wote, halafu akaongeza nyingine kwa ajili ya safari, na anajua leo anacheza ipi. Kwangu mimi, niliyeikimbilia ile nyingine kwa kushindwa na ya kwanza, ilikuwa sumu. Sikupata mchezo wa pili, na wa kwanza nikaupoteza.

Kwa hiyo nyie mnaosoma, hasa wenye familia, sikieni mtu aliyeungua. Akija mtu kukuambia kitu kina faida kwa sababu hakuna anayekijua, muulize utakifanya na nani. Ukipewa nafasi bure, ipokee na ushukuru, usitake kuishindania ili upigiwe makofi. Na kabla hujaweka kitu chochote mezani, geuka nyuma utazame nani mwingine amekikalia.