Usimgeuze Buibui Aliyelala Chali

Ile siku naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka damu inachemka. Jana umeichemsha zaidi, nilipokukuta unamchokoa kwa kijiti yule buibui wako kwenye ndoo, eti uone kama amekufa. Weka kijiti chini, usikilize.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huku huku Nyamwaga, mimi msichana mdogo. Tukilima shamba la kijiji, jembe langu likafumua shimo, akatoka buibui mkubwa kama kiganja, ana manyoya kama ndama. Wenzangu wakakimbia. Mimi nikamfunika kwa kibuyu, nikampeleka nyumbani.

Mama alitaka kummwagia maji ya moto. Bibi yangu akakataa. "Umemtoa kwake, sasa ni mgeni wako," akaniambia. "Na sisi tumetolewa kwetu juzi kwa lori, tunajua inavyouma." Akanipa chungu kilichovunjika mdomo, tukatia udongo mkavu mwingi achimbe shimo lake, maji kidogo kwenye kigae, panzi hai jioni. Na asishikwe. Si kifaranga yule, anauma, na akianguka tumbo linapasuka.

Akatulia. Halafu akaacha kula, akalala chali, miguu juu. Kaka yangu Chacha alikuwa ametoka tohara karibuni, kichwa kimevimba, kila kitu anajua yeye. "Huyu amekufa," akasema, akamgeuza kwa kijiti. Mguu ukakatika, majimaji yakatoka. Kumbe alikuwa anajivua ngozi. Akafia humo, nusu nje, nusu ndani ya ngozi kuukuu.

Nililia. Bibi hakulia. Alimfuata Chacha katikati ya wenzake waliotahiriwa pamoja.

"We Chacha, ulipolala ndani na kidonda chako, miguu umeitanua, nani alikuja kukugeuza kwa kijiti aone kama ungali hai?"

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Hakuna, bibi."

"Basi na huyu alikuwa anakua. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

Chacha akaenda kumzika kwa mikono yake, na jembe akanyimwa.

Sasa wewe. Buibui akikataa panzi, mtoe huyo panzi, maana akijivua anakuwa laini, hata panzi atamtafuna. Maji yasikauke. Akilala chali, funika ndoo, kaa mbali. Akimaliza usimlishe upesi, meno bado hayajakomaa. Hujui, uliza, mdomo nilikuona nao tangu unazaliwa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kinachoniudhi ni kwamba hapa guu linalovunjika si la asiyesikia.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono inayojua kutulia. Na siku utakayolala chali wewe, hoi, hujiwezi, akuwekee mlangoni mtu mkali wa kuwafukuza wenye vijiti.