Hamsini na Tano, na Mfupa

Nusukilo alikuwa ameshapita miaka arobaini na tano alipovua aproni ya bucha na kuvaa ya hospitali. Mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wagonjwa kaeni chonjo," alisema kinyozi wa jirani, "huyu atawauliza mnataka steki au na mfupa!" Nusukilo naye akacheka, maana kuchekwa peke yako ni kubaya zaidi. Hakumwambia mtu kwamba mkewe alikufa mgongo ukiwa umejaa vidonda vya kulala, kwa sababu yeye, mwanamume wa kubeba nusu ng'ombe begani, aliogopa kumgeuza asije akamuumiza.

Kwenye darasa la uuguzi alikaa na mabinti wa rika la mwanawe. Wao waliandika, yeye aliloa jasho. Kila jioni alijiapiza kwamba harudi tena.

Siku ya kwanza wodini akapewa mzee mmoja, refa mstaafu, amtoe kitandani amkalishe kwenye kiti cha magurudumu. Akapitisha mikono mgongoni na chini ya magoti, akamnyanyua, na mdomo ukaropoka wenyewe kama ulivyozoea buchani:

"Hamsini na tano, na mfupa."

Sista mkuu akamtupia jicho la kuchuna ngozi. Nusukilo akatamani sakafu ipasuke immeze.

"Na bei je?" refa akauliza.

Wodi nzima ikaangua kicheko.

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yao. "Nipime, muuza nyama!" Naye anamnyanyua, anamtajia. Kilo zikawa zinashuka, refa akawa anatania kwamba usiku kuna wezi. Lakini mkono wa bucha hauna adabu. Ulijua kabla moyo haujataka kujua.

Asubuhi moja akamnyanyua, asimtajie kilo.

"Vipi, mizani imekufa?"

"Umeongezeka, mzee wangu. Nani anakuletea chakula kwa siri?"

Refa akamtazama kwa macho ya mtu aliyezoea kuona wachezaji wakijiangusha makusudi.

"Muongo mkubwa wewe," akasema taratibu. "Usinishushe kwanza."

Hakumshusha. Alisimama naye katikati ya wodi, kitanda huku, kiti kule.

Mchana refa akafariki. Nusukilo ndiye aliyemsafisha, akamgeuza upande huu na upande ule. Mgongo ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Hapo ndipo alipolia, tena kwa sauti, kwa ajili ya mgongo mwingine.

Jioni akapigiwa simu na mdogo wake, aliyemwachia bucha.

"Kaka, bado uko huko tu? Kisu chako nimekinoa, rudi."

"Mpe mtu mwingine."

"Ina maana umeshakuwa fundi?"

"Wapi! Leo nimelia mbele za wagonjwa kama mtoto."

"Sasa?"

"Sasa kuna mama kaingia kitanda kile kile, na hajageuzwa tangu aletwe. Nakata simu."