Kufunga kwa Ajili ya Tumbo Langu

Muuguzi aliniambia sukari yangu inapanda na tumbo limenitangulia mno. Mimi ni fundi wa kuchomelea milango hapa Kamembe. Mwenzangu wa karakana ya pili, Mwislamu, hufunga kila Jumatatu na Alhamisi; tuna umri mmoja, lakini yeye hupanda ngazi bila kuhema. Nikamuuliza muuguzi kama naweza kumuiga. Akasema kwa kuwa sijaanza dawa, nijaribu, ila nisitarajie miujiza.

Alhamisi ya pili, mama jirani yangu alinikaribisha chai, nikakataa. Mume wake alikuwa kitandani miezi mingi, amebaki mifupa.

"Papa, uko unafunga?" akauliza. "Ni juu ya papa wa batoto, ao?" Alimaanisha mumewe.

Ningeweza kusema kweli. Lakini utamwambiaje mke wa mtu anayekwisha hivyo kwamba wewe unafunga kwa sababu umenenepa? Niliona aibu, nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo naye akafunga. Jua likizama aliniletea bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akisema anayemfungia mgonjwa wake hawezi kufungua peke yake. Nami nilikula, tena kwa hamu. Mwoga mkubwa mimi!

Sukari ilishuka. Muuguzi alisema huenda ni kufunga, huenda ni zile soda nilizoacha, yeye hawezi kuapa. Mkanda niliurudisha matundu mawili, usingizi ukawa mtamu, nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilifurahi wakati nyuma ya ukuta wangu yule mgonjwa alikuwa anakohoa.

Alikufa. Siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda kumwona mjane. Alinivuta kando.

"Papa, siku zile zote, ulikuwa unaombaka Mungu nini juu yake? Niambie, nitaambia batoto."

Sikuwa nimeomba hata neno moja. Siku hizo nilikuwa nawaza sambaza tu. Nikatunga sala palepale: apunguziwe maumivu, apate usingizi, awaone watoto wake wakikua. Yeye akalia, akanishika mikono yote miwili na kunishukuru.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwombea yule mtu, na alikuwa na siku tatu kaburini.