Maji ya Kulinganishia

Kila nikienda nyumbani, milimani juu ya Malindi ya Washambaa, si ile ya pwani, mama hunijazia dumu la maji ya chemchemi nirudi nalo mjini. Maharage na viazi vipo pia, lakini dumu ndilo hutangulia kuingia kwenye gari. Mama anaamini maji ya mjini ndiyo yanayomkondesha mjukuu wake, na mwanangu naye, dumu likiwepo, hataki kusikia habari ya maji mengine. Nilikuwa nawacheka wote wawili huku nami nikijimiminia glasi.

Kazi yangu ni kupima mabaki ya viuatilifu kwenye maji na udongo. Nilipoamua kuchunguza mabonde ya kwetu, nilihitaji maji safi kabisa ya kulinganishia, ili niweze kusema ya mtoni yamechafuka kiasi gani. Sikujiuliza mara mbili. Chemchemi tunayochota nyumbani iko ukingoni mwa msitu, juu ya mashamba yote niliyoyajua. Nikajaza chupa pale, nyingine nikajaza mtoni huko chini, kwenye kabichi na nyanya, nikazipanga kwenye barafu na kuondoka.

Majibu ya mtoni hayakunishangaza. Yaliyonikata maini ni ya chemchemi: dawa zilezile za nyanya zilikuwamo. Nilimfokea fundi wa maabara kwamba hakuosha vyombo. Maskini, aliviosha upya mbele yangu, tukarudia kupima, yakatoka yaleyale. Nilijifungia chooni nikalia. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa mjamzito baada ya mimba zake mbili kuharibika, na maji aliyokuwa akinywa ni hayo. Siwezi kusema ni maji yaliyoziharibu. Vipimo vyangu haviniruhusu kusema hivyo, wala haviniruhusu kusema siyo, na hilo linanitesa hadi leo.

Nikapanda tena mlima. Mdogo wangu nilimkuta chemchemini, bomba la kupulizia liko chini, anakoroga dawa kwa kijiti. Huko bondeni maji ya kumwagilia yalikuwa yamepungua, hivyo alikuwa amefungua shamba jipya huku juu, nami sikuwa na habari. Kabla sijaitikia shikamoo yake, alichovya kidole kwenye dawa akakilamba, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Unalamba nini wewe!"

"Sasa dada, nisipoonja nitajuaje kama imekolea? Siku hizi dawa zinachakachuliwa."

Nilimpokonya kijiti nikakitupa. Nilimweleza majibu yote, nikamwambia aache kupiga dawa hapo. Alinisikiliza kwa heshima, na heshima ile ilinichoma kuliko ubishi.

"Nikiacha, kantangaze, yule mdudu, anaingia kwenye nyanya, sina shamba. Na wanunuzi pale sokoni Soni wasipoona yale madoa meupe ya dawa, wanasema nyanya zitaoza njiani. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Nilikuwa na ushauri wa semina: vaa glavu, soma maelezo kwenye chupa, tumia kipimo. Hakuna hata mmoja uliomfaa mtu ambaye dawa feki na halisi anazitofautisha kwa ulimi. Mwishowe aliahidi kuchanganyia mbali kidogo. Mbali kidogo kwenye mlima ule ni juu zaidi, na mvua ikinyesha yote yanateremka palepale.

Jioni, jikoni, nikawaambia mama na wifi. Mama alifikiri kidogo, akasema atayachemsha. Nikamwambia kuchemsha kunaua vijidudu tu; sumu ya shambani inabaki sufuriani. Alimgeukia mdogo wangu, aliyekuwa ameketi mlangoni, wakasemezana Kishambaa haraka haraka kuhusu bomba la kijiji, kisha wakaliacha, kwa sababu bomba lile linatoka mtoni, na ya mtoni nilikuwa nimeshayataja. Na mvua za kukinga maji zilikuwa bado.

Wifi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Basi dada, mimi ninywe yapi?"

Nikasema nitamletea ya chupa. Nilijiona mjinga hata kabla sijamaliza. Chupa zitamfikisha wapi? Na mtoto akizaliwa ataogeshwa na nini, uji wake utapikwa na nini?

Asubuhi nikafungua mlango wa gari. Dumu lilikuwa tayari, mfuniko umekazwa kwa kipande cha nailoni kama kawaida, na mama amesimama pembeni yake. Sijui kama alisahau tuliyoongea au mikono yake tu ndiyo iliyozoea.

"Mama," nikasema, "ya mtoto yaache."

"Ya mjukuu wangu?"

"Ndiyo, mama. Asinywe haya."

Nilitamani anigombeze. Nilitamani aniulize mbona damu ya mwanangu ni nzito kuliko ya wengine. Alilitazama dumu, akalifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akamwita wifi.

"Haya, basi tutayanywa sisi."

Wifi alikuja, mkono mmoja umeshika kiuno. Akalinyanyua, akarudi nalo jikoni.